Mzinga Chini ya Bashi

Kasuku, Kindu, Jumatatu tarehe 3 Februari 2025

Kwa shemeji yangu Lukusa, mtu wa reli wa zamani na mkulima wa juzi, Kailo

Shemeji,

Salamu ugawe mwenyewe hapo nyumbani, kalamu yangu ni ya darasa la tano, inachoka haraka. Huku tuko. Kufa bado, njaa si sana, na goti langu la kushoto, njo hilo linaendelea kutangaza mvua kuliko radio.

Barua hii anakuletea Ngoyi, motari, yule wa pikipiki ya njia ya Kailo, maana simu yako nimeipiga mpaka yule mwanamke anayekaa ndani ya simu amenizoea. Mpe Ngoyi chakula, usimpe mahubiri.

Sasa habari. Tshibola, mutoto wako, mutoto wa marehemu dada yangu, amekuja wiki iliyopita pale bandarini ninapozibia vijana pine za pikipiki zao. Amekuja amekaa juu ya kitu. Mbele ni moto, pikipiki kabisa, nyuma ni kitanda cha hospitali. Pine tatu, shemeji, magurudumu matatu. Nikamwuliza: «Mwipwa wangu, hii meza ya jikoni umeitoa wapi, na kwa nini inanguruma?» Akanijibu bila kucheka: «Ni trisikli, Mujomba. Ni yangu.»

Mimi nilipanda pine mbili tangu wakati wa Mobutu mpaka goti liliponifukuza kazi. Pine mbili ni mambo ya mtu mwenye mifupa. Inapita kwenye tope, inapita kati ya shimo na shimo, inaingia ndani ya mutumbwi, unavuka Lualaba umekaa juu yake kama chifu. Hiyo yake, kuvuka mto, wanafunga mitumbwi miwili pamoja kama mume na bibi, na vile vile inagoma. Nilimwambia yote haya. Akafunika mizigo yake na bashi lake la buluu, turubai la plastiki, akalikaza kwa kamba, akaenda.

Vijana wa parkingi ya pikipiki wananuna. Wamama wa sokoni wote wanakimbilia kwake, wanapanda nyuma na mihogo, na kuku, na watoto, wanazungumza njia nzima kama wako kwenye harusi. Juzi tukinywa chai, Mwamba, yule prezida wetu wa parkingi, akauliza: «Lakini huyu dada anafunika nini chini ya lile bashi kutwa nzima?» Nikamjibu: «Mzinga wa vita. Anauleta kipande kipande. Siku atamaliza kuufunga, atatupiga sisi wa kwanza.» Shemeji, walicheka mpaka Bienfait, kijana mmoja wa parkingi, akamwaga chai kwenye suruali ya kanisa.

Basi, wewe ni baba. Mwandikie aache hiyo meza, achukue pine mbili kama watu. Mimi nitamfundisha bure.

Shemeji yako,
Soudi


Kailo, tarehe 8 Februari 2025

Mpendwa shemeji Soudi,

Ngoyi amefika, amekula, hakuhubiriwa. Sisi ni wazima. Mpunga unaendelea vizuri, ndege wanaendelea vizuri zaidi.

Nimesoma shitaka lako. Mimi maisha yangu yote nilitumikia mashine zenye magurudumu mengi, sijaona dhambi ya kuongeza moja. Wewe ulipochagua pikipiki ukaacha kazi ya depo, baba yako alilia, lakini hakuna aliyekuitia mkutano. Tshibola ni mutu mzima. Amechagua. Kama hupendi kupanda, usipande. Njia ni pana, na pale isipokuwa pana, kila mmoja anajua namna ya kumpisha mwenzake.

Lile neno la mzinga halikunichekesha. Vita iko Kivu, watu wanakimbia, hata huku Kailo tukisikia ndege inanguruma juu wote tunatoka kutazama. Huu si wakati wa kutaja silaha hata kwa mchezo. Usilirudie tena, nakuomba.

Nakutumia mchele kidogo. Mpe Tshibola nusu, si robo kama mwaka ule.

Shemeji yako,
Lukusa Kabeya


Kasuku, tarehe 14 Februari 2025

Shemeji mwenye huzuni,

Mchele umefika na nusu amepata. Robo ilikuwa mwaka wa njaa, na wewe unaandika kama karani wa hukumu ya mwisho.

Umesema nisilirudie neno. Sikulirudia. Halina haja na mimi tena, linatembea lenyewe. Vijana sasa wanamwita mtoto wako Mama Mzinga. Akipita wanapiga kelele «bum», halafu wanainama kama wamepigwa. Mwanzoni nilicheka, sitakudanganya. Ni mimi niliyelizaa, na baba anapenda kuona mutoto wake anatembea.

Lakini jana kuko kitu. Alikuja motari mmoja wa upande wa kiwanja cha ndege, kijana simjui. Nikiwa naziba pine yake akaniinamia kama mjukuu kwa babu, akaniambia chini chini: «Koko, chunga. Hizi pine tatu zinabeba silaha. Kuna dada mmoja, anapeleka mzinga kipande kipande. Ndugu ya askari njo amesema.» Nikamtazama usoni nione kama atacheka. Hakucheka. Nikamwambia: «Kijana, hilo neno ni langu.» Akaniambia: «Hapana, Koko, hili ni la kweli.»

Na asubuhi hii askari wa bandarini wamemsimamisha Tshibola, wamefunua bashi. Chini kulikuwa na sombe, majani ya muhogo tu. Wakachukua fungu moja la sombe, wakamwacha aende. Mimi niliona ni vizuri, kila mtu ameona ni sombe. Lakini Bienfait akasema: «Leo ni sombe.» Na wenzake wakaitika kwa kichwa.

Mwamba ameita mkutano. Anataka pine tatu zote zitoke bandarini kabla ya mwezi kwisha. Nilinyosha mkono nizungumze, wakanipigia makofi kabla sijafungua mdomo, wanangojea kicheko. Nikawapa kicheko kimoja kidogo, nikakaa. Ungefanya nini?

Usiwe na wasiwasi. Ni vijana, wana esansi nyingi ndani ya tangi kuliko akili kichwani. Itapita.

Soudi


Kindu, tarehe 17 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nampa Ngoyi barua hii, lakini nimemwomba akupe mkononi, asimwoneshe Mujomba. Mujomba ananipenda, najua, lakini kila kitu anachokisikia kinamtoka mdomoni kimevaa nguo nyingine.

Aliniambia amekuandikia niache trisikli. Baba, nataka ujue kwa nini nimeichagua. Ningemwambia Mama, lakini hayuko, basi nakuambia wewe. Mwaka jana nilijaribu pine mbili, ya kukodi. Najua kuiendesha, Mujomba hajui kwamba najua. Lakini abiria mwanaume akipanda nyuma yangu, ananishika. Anasema ni shimo, anasema ni tope, anasema atashikilia wapi. Kutwa nzima mikono ya watu kwenye mwili wangu. Jioni nilikuwa naoga mara mbili. Kwenye trisikli abiria wanakaa nyuma ndani ya sanduku, na katikati yetu kuko chuma. Ni hicho tu. Na wamama wanakaa na mizigo yao, na mgonjwa analala. Sisemi pine mbili ni mbaya. Nasema hii ni yangu.

Sasa hali si nzuri. Kuna mtu amepasua bashi langu kwa kisu, nimelishona. Wananiita jina moja, sijui limetoka wapi. Juzi nikishuka mlima wa kwenda mtoni niliona moto tatu nyuma yangu, zimezima injini, zinateremka kimya. Nikisimama, zinasimama. Mama Aïcha, ninayembebea mihogo, aliacha kuzungumza njia nzima, na wewe unamjua Mama Aïcha.

Nimewaza kuondoa bashi, lakini mvua ni ya kila siku, na unga ukilowana mama wa watu amepoteza wiki yake.

Usiniite Kailo. Nikikimbia, watasema nilikuwa na kitu.

Mtoto wako,
Tshibola


Kailo, tarehe 21 Februari 2025

Soudi,

Leo sikuiti shemeji, utanisamehe.

Unaniandikia kwamba itapita. Mtoto wangu anafuatwa na moto zilizozimwa injini. Bashi lake limepasuliwa kwa kisu. Hukuniambia. Labda hujui, labda unajua ukaona haichekeshi.

Nitakuambia kitu ambacho hatujazungumza sana. Unajua sisi watu wa Kasai tulifukuzwa Katanga namna gani, watoto juu ya mabehewa, wazee wamekufa kituoni wakingojea treni. Lakini hujui ilianzaje, kwa sababu wewe ulitupokea mwishoni, na uji. Ilianza na jina. Jirani yangu, mtu tuliyekula naye, alitupa jina la mdudu. Alisema kwa kucheka, na mimi nilicheka naye, kwa sababu ni jirani. Miezi ikapita, jina likawa wimbo, wimbo ukawa mawe. Siku ya kuchomewa nyumba zetu yeye mwenyewe hakurusha kitu. Alisimama mlangoni kwake analia. Alikuwa mtu mzuri.

Nenda pale parkingi. Usinyoshe mkono, simama. Waambie: neno hili ni langu, nililitunga nikinywa chai, hakuna mzinga, hakuna vipande, mwipwa wangu amechagua pine tatu kama ninyi mlivyochagua mbili. Sema mbele ya Mwamba. Sema bila kuchekesha.

Halafu uniandikie wamejibu nini.

Lukusa


Kasuku, Jumanne tarehe 25 Februari 2025

Shemeji (mimi nakuita vile vile, wewe ukikasirika sisi wawili hatuwezi kukasirika pamoja, nani atapika),

Nimekwenda. Nimevaa kanzu ya Idi, nimevaa na viatu, ili waone si siku ya kuziba pine. Nilisimama kati yao. Nikasema kama ulivyoniandikia, neno kwa neno, nilikuwa nimelikariri njiani. Nikasema: «Hakuna mzinga. Ni mimi nilitunga.»

Walicheka, shemeji.

Nikasema tena, kwa sauti. Wakacheka zaidi, wengine wakajishika tumbo. Mwamba alinipiga begani, akasema: «Koko Soudi, wewe utatuua. Hata kumlinda mwipwa wako unamlinda kwa mchezo.» Nikamshika shati, nikamwambia: «Mwamba, nazungumza kweli.» Akawaambia wenzake: «Mnaona uso anaoufanya?» Na wakaniletea chai.

Miaka yote hii wamenizoesha kuchekwa, na mimi nimewazoesha. Sasa nina neno moja tu la kweli, na hakuna mtu wa kulichukua.

Nilirudi nyumbani, nikakaa, nikawaza. Halafu nikaona. Maneno mazito si kazi yangu, ni kazi yako na ya padri. Kazi yangu ni kicheko, na kicheko njo kitaondoa hili jambo. Kumbuka mwaka wa 2002, mji umefungwa na vita, tunatoka na baiskeli kutafuta chakula upande wa Kailo, mimi mbele, wewe katikati, Louis wa buro ya tiketi nyuma. Yule askari wa bariyeri ya njiani, macho mekundu, bunduki kwenye kifua changu, anauliza: «Iko nini ndani ya gunia?» Nikamwambia: «Ni mama-mkwe wangu, chef. Nimemkausha ili asizungumze njiani.» Kumbuka alivyocheka. Bunduki ilishuka yenyewe. Tulipita. Tunaishi mpaka leo kwa sababu ya mama-mkwe aliyekauka.

Basi sikia mupango. Wanataka kujua kuko nini chini ya bashi? Watajua. Ijumaa hii, kabla Ramadani haijaingia, Mama Aïcha atanificha ndani ya trisikli kati ya magunia, atanifunika na bashi, atamwambia Tshibola ni mihogo. Tshibola hajui, na asijue, hana uso wa kuficha kitu. Ijumaa njo siku Mwamba amesema watafunga njia ya bandarini. Watamsimamisha. Watasema fungua. Na mimi nitatoka na kanzu yangu, nitasema «bum». Watamwona nani? Koko wao, mwenye goti bovu, kati ya mihogo. Watacheka mpaka waanguke, na mtu aliyeanguka kwa kicheko hawezi kusema tena kuna silaha. Jina litabaki, lakini litakuwa jina langu.

Ni mupango mzuri kuliko yote niliyotunga. Na tazama, nitakuwa nimepanda pine tatu. Usimwambie mtu.

Soudi


Kailo, Alhamisi tarehe 27 Februari 2025

Shemeji yangu, ndugu yangu,

Usifanye hivyo. Nimesoma barua yako nimesimama na sijakaa. Usiingie chini ya lile bashi.

Siku ile ya 2002 wewe ulipita bariyeri ukaanza kukanyaga pedali, ulikuwa unaimba, hukugeuka. Mimi niligeuka. Askari alimuuliza Louis swali lile lile: iko nini ndani ya gunia. Na Louis, kwa sababu alikuwa amekuona unapita, akajibu lile lile. Akasema ni mama-mkwe. Akajaribu kucheka kama wewe.

Yule askari alikuwa amekwisha kucheka. Hakucheka mara ya pili.

Ulisikia mlio, ukaniuliza, nikakwambia ni mti umeanguka. Ilikuwa bunduki. Baadaye nikakwambia Louis amerudi kwao Kibombo. Umekaa unamngojea barua miaka yote hii, unamtukana kwamba amekuwa tajiri. Sikukuambia kwa sababu njiani ulikuwa ukiimba, na tulikuwa na safari ndefu, na sikujua tungefika namna gani kama ungenyamaza. Halafu kila mwaka ulipopita ikawa ngumu zaidi.

Kicheko hakikutupitisha wote, Soudi. Siku ile kilitupitisha sisi wawili tu. Watu wenye hofu ukiwashtua hawaangalii uso kwanza. Mkono unaenda mbele ya macho.

Ukitaka kumlinda mtoto, kaa juu ya sanduku, wazi, kila mtu akuone. Au mwambie Tshibola alale nyumbani Ijumaa. Mimi nakuja, natoka kesho kwa miguu kama sipati moto. Ngoyi anaondoka sasa hivi na barua hii, nimemwapisha kwa jina la mama yake akupe mkononi kabla ya Ijumaa asubuhi. Mvua imeanza kule juu. Mungu amsaidie mtoni.

Lukusa


Kindu, Jumatatu tarehe 3 Machi 2025

Baba,

Najua umefika Alunguli na kwamba mto umejaa, hawavushi mtu. Mvuvi mmoja amekubali kubeba karatasi, hakubali kubeba mzee. Kwa hiyo ninakuandikia, wewe huko ng'ambo na mimi huku, na nyumba ya matanga ukisimama kando ya maji nadhani unaiona.

Mujomba amefariki. Tumemzika Jumamosi, siku ya kwanza ya mfungo.

Ijumaa Mama Aïcha alinipakilia yeye mwenyewe, alinikataza kumsaidia. Niliona anacheka peke yake, nikadhani ni furaha ya kuuza. Nikatoka. Karibu na bandari walikuwa wamepanga moto zao kuvuka njia, pine kwa pine. Hawakupiga kelele «bum». Mwamba alinyosha mkono, nikasimama. Akasema: «Zima.» Nikazima. Akasema: «Fungua bashi.» Nikamwambia: «Fungua mwenyewe, mimi nimechoka kufungua.» Hakuna aliyesogea. Baba, nimekuja kuelewa sasa: waliogopa. Kweli waliogopa. Walikuwa wameamini.

Ndipo bashi likasogea lenyewe.

Likainuka katikati, kama mtu anayeamka. Mtu mmoja nyuma akasema «iko hai». Na Bienfait, aliyekuwa karibu, alikuwa na kile chuma cha kutolea pine. Alipiga mara moja tu. Hakupiga kwa hasira. Alipiga kama mtu anavyompiga nyoka aliyemkuta ndani ya nyumba.

Sauti ya Mujomba nilisikia kidogo. Nadhani alikuwa ameanza kusema neno.

Mwamba njo alivuta bashi. Wakaona kanzu nyeupe, wakaona ni Koko. Wengine walianza kucheka, Baba. Nisikufiche. Walianza kucheka, kwa sababu alikuwa yeye, na walifikiri anajilaza kwa mchezo. Mwamba alimwambia: «Koko, amka, tumeshindwa.» Akamwambia mara nyingine. Halafu wakaona damu kwenye mihogo.

Nikawasha. Wakavuta moto zao kando. Bienfait alipanda nyuma bila mtu kumwambia, akaweka kichwa cha Mujomba kwenye mapaja yake, akakishikilia njia nzima mashimo yasikitikise. Mwamba na wenzake walitangulia wakipiga klakisoni, wakifungua njia. Hakuna moto ya pine mbili ambayo ingeweza kumbeba mtu aliyelala vile. Kila mmoja wao aliliona hilo, na hakuna aliyelisema. Tulifika hospitali yungali anapumua. Jua lilipokuwa linashuka, aliacha.

Bienfait alijipeleka mwenyewe polisi. Mama Aïcha hali chakula.

Barua yako kwa Mujomba ilifika Jumamosi tukitoka makaburini. Ngoyi alikuwa amekwama Alunguli siku mbili na maji. Aliponipa alikuwa analia, akaniuliza kama ningemwambia mama yake kwamba alijaribu. Nimeisoma. Habari ya Louis sikuijua. Nimeikunja, nimeirudisha ndani ya bahasha. Sikujua niiweke wapi.

Jana Mwamba alikuja hapa matangani na wazee wa parkingi. Walivua kofia. Alisema kuanzia sasa pine tatu zitakuwa na mahali pao bandarini, chini ya ule ukuta wa kivuli, na kila motari ataheshimu chaguo la mwenzake, na atakayemtukana mwingine kwa sababu ya pine atatoka kwenye chama. Alizungumza vizuri. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Sijamjibu.

Kwa sababu asubuhi ya leo nilikwenda sokoni kununua chumvi, Baba. Wanawake wawili mbele yangu, siwajui, si wa mtaa wetu, walikuwa wanasimuliana. Mmoja anasema: «Ulisikia ya Ijumaa?» Mwingine anasema: «Nilisikia. Kuko muzee mmoja alikuwa amejificha chini ya bashi, analinda ule mzinga. Wamemuua, lakini mzinga wenyewe hawajauona.»

Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo, nikamkumbuka Mujomba akiwa amesimama kati yao na kanzu yake ya Idi. Nikanunua chumvi, nikarudi.

Kesho natoka kwenda kazini. Usinikataze, na usiniite Kailo. Nimelitoa bashi, nimelikata, nimempa Mama Aïcha aanikie mihogo. Nimewaambia wamama kwamba nitapakia wazi, na mvua ikija tutalowana wote, mimi na wao na unga wao. Nilifikiri watakataa. Wamesema sawa, twende, tena wameniuliza nitapita saa ngapi.

Mto ukishuka, vuka. Nitakungojea upande huu, na utaniona kutoka mbali, hakuna kitu kitakachonifunika.

Mtoto wako,
Tshibola